Kuku Waliokula Maharagwe Yangu

Wenzangu, nimesimama kwa sababu kukaa kumenishinda. Mtanisamehe nikitembea-tembea hapa mbele. Hata nyumbani nakula nikiwa nimesimama mlangoni. Nawasalimu nyote, wale tunaojuana hadi kikohozi, na nyinyi watatu wa kule nyuma ambao leo ni siku yenu ya kwanza na mmekaa karibu na mlango ili mtoroke. Hata mimi nilikalia kiti hicho.

Mimi ni mlevi ambaye hajakunywa miaka miwili sasa. Zamani nilikuwa nauza nyama hapa Machakos mjini, kwenye bucha iliyoshikana ukuta na baa. Mnaijua kazi hiyo: mteja anachagua paja, nakata, naweka motoni, na mkono wa kushoto uko na chupa. Kazi iliisha siku nilipojikata kidole saa nne asubuhi na sikuhisi kitu mpaka damu ikafika kwenye kachumbari.

Nilipoacha, niliambiwa hapa hapa nitafute cha kufanya saa ya kiu. Mimi nikakimbia. Kuna kikundi cha watu wa kila rika wanaokimbia saa kumi na mbili asubuhi kupanda barabara ya mlima wa Iveti, nikajiunga nao siku nne kwa wiki. Ndugu zangu, nawaambia, sijapata dawa ya kunituliza kama ule mlima. Nikishuka, miguu imechoka, kichwa kimenyamaza, na hadi jioni sijaiwaza chupa. Kukimbia kukipotea, na mimi nimepotea. Hilo nililijua vizuri.

Sasa, nyama. Kwangu nyama choma na bia ni kitu kimoja, sijui kula hii bila kutafuta ile. Nikaapa sitakula nyama tena. Mayai pia, kwa sababu yai la kuchemsha nimelila kwenye mlango wa baa maisha yangu yote. Jamaa zangu walicheka, eti Mkamba gani anaogopa mbuzi. Nikabaki na chai ya maziwa na chakula cha nyumbani, na chakula cha nyumbani kwetu ni isyo, mahindi na maharagwe kwenye sufuria moja. Kama ningekula isyo jinsi ilivyopikwa, leo singekuwa na la kuwaambia.

Lakini asubuhi moja tukipanda, tumbo langu lilitoa sauti ambayo kikundi kizima kiliisikia. Msicheke, na nyinyi mko na matumbo. Wakanibandika jina Pikipiki. Nikifika tu, naambiwa Pikipiki akae nyuma. Nilicheka nao, lakini iliniuma. Nimechekwa miaka mingi nikiwa nimelala mtaroni, na pale mlimani ndipo mahali pekee nilipokuwa na heshima. Toka siku hiyo nikaanza kuchambua maharagwe, maana ndiyo yaliyoleta ile hewa tumboni. Nayasukuma pembeni mwa sahani, moja moja, nala mahindi, nala sukuma wiki, nala embe, na maharagwe nawarushia kuku. Mama watoto aliniuliza, nikamwambia yananiletea kiungulia. Mlevi hata akiacha pombe, uongo humtoka polepole.

Mwezi wa kwanza sikuona kitu. Wa pili suruali ikaanza kuteremka, nikafurahi. Kufika wa tano mapaja yamelegea, kidonda kidogo kwenye goti kimekataa kupona, na ule mlima unarefuka kila siku. Nilidhani ni uvivu, nikaongeza mbio hadi siku sita. Huku mtaani wanasema nimerudia chupa. Asubuhi moja, katikati ya mlima, magoti yakakataa kabisa. Nikakaa kwenye jiwe nikaangalia migongo ya wenzangu ikipotea kwenye kona. Sikurudi kesho yake, wala wiki hiyo, wala iliyofuata.

Mnajua ni nini kilirudi. Nilianza kuzunguka nyumba. Nafungua mlango, nafunga. Nachota maji ambayo hakuna anayeyataka. Natembea hadi mjini, napita mkabala na ile baa, narudi, napita tena. Niliogopa, ndugu zangu. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoiogopa miguu yangu mwenyewe.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, nikavaa shati la bluu. Mama watoto analijua lile shati, ndilo nililokuwa navaa nikienda kunywa. Alikuwa nje akiwapa kuku maharagwe yangu ya jana. Nikamwambia natoka kidogo. Nilingoja kelele, na jibu nilikuwa nimeshalitengeneza. Hakupiga kelele. Aliinama, akamshika tetea mmoja mwekundu, akanijia.

"Enda, Baba Mwende," akasema. "Lakini kwanza nishikie huyu."

Nilimpokea kwa mikono miwili, mimi niliyekuwa nikibeba mguu wa ng'ombe begani toka kwenye gari hadi kwenye ndoano. Yule kuku alikuwa mzito, kifua kimejaa, manyoya yanang'aa. Akajitikisa mara moja tu. Akaniponyoka, akarudi kwenye maharagwe yake.

"Huyo ndiye amekula mwili wako," mama watoto akasema. "Hayo maharagwe nilipanda nikiinama, nikapalilia, nikapura. Sikupanda ya kuku."

Nilikaa pale pale kwenye vumbi na shati langu la bluu, nikalia. Nikamwambia yote, tumbo na Pikipiki na baa. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akacheka mpaka akashika ukuta. Eti tumbo hilo amelala nalo miaka kumi na tisa, leo ndio linakuwa siri? Mficha uchi hazai, akaniambia. Ningesema mapema, angeloweka. Na shati nililivua.

Jumatatu akanipeleka kliniki. Nesi alikuwa mama mkali. Alinitoa damu kwanza, ahakikishe hakuna ugonjwa mwingine, kisha akaniuliza nakula nini. Nikamtajia mahindi, sukuma, embe, viazi vitamu. Akaweka kalamu chini, akaniuliza kama misuli naijenga na embe. Alisema nyama si lazima, wala hatanilazimisha, lakini protini hairukwi, na anayefanya mazoezi anahitaji zaidi ya anayekaa. Iko kwenye maharagwe, ndengu, kunde, mbaazi, njugu. Tena igawanywe, kila mlo upate yake, sio rundo moja la Jumapili. Mahindi na maharagwe yanasaidiana, akasema, akina nyanya zetu wa zamani hawakuyachanganya kwa bahati.

Basi nyumbani tukaanza upya. Mama watoto analoweka maharagwe toka jioni, asubuhi anayamwaga maji yale na kuchemsha na mengine. Tulianza na ndengu, kidogo kidogo, tumbo lizoee. Asubuhi uji wa wimbi na njugu za kusaga. Mchana isyo, na maharagwe yaonekane bila kutafutwa. Jioni kunde au mbaazi. Tumbo lilinung'unika wiki mbili tatu, likanyamaza. Miguu ilichukua muda mrefu zaidi, na nilikasirika sana, kwa sababu mimi kungoja sikuumbiwa. Nilianza kwa kutembea, hadi lile jiwe na kurudi. Mwezi wa nne nililipita nikikimbia, sikuliangalia.

Msidhani nimetulia. Mnaniona. Kiu bado hunitembelea, na ikija hunikuta nimesimama. Lakini sasa niko na miguu ya kuikimbia.

Nashukuru nyinyi mlionipokea hapa nikinuka. Nashukuru yule nesi na ukali wake. Nashukuru wale wa mlimani, ambao nilipowaambia ukweli, wawili walikiri kuwa nao walikuwa wakikimbia na tumbo tupu kwa hofu hiyo hiyo. Bado wananiita Pikipiki. Naitika.

Funzo langu ni dogo. Pombe niliitoa nikaweka mlima mahali pake, nikasimama. Nyama niliitoa, kisha maharagwe, bila kuweka kitu, nikaanguka. Wewe wa kule mlangoni, chochote utakachotoa, usiache shimo. Na kama ni aibu inakunyima chakula chako, jua kuna kuku mahali anakungoja ukitupe.

Yule tetea mwekundu bado yuko. Mama watoto amekataa asichinjwe wala kuuzwa. Kila Jumapili tukitoka kanisani, kabla sijavua koti, ananiletea nimshike. Ananiangalia mikono tu. Siku hizi kuku haniponyoki.