Ufunguo wa Jiko la Mama Hemal

Benchi letu liko Ngokolo, mkabala na geti la bluu la marehemu Gangaben, ambaye sote tulimwita Mama Hemal. Kila Alhamisi alilisha watu uani kwake: wenye wagonjwa wodini hospitali ya jirani, wachimbaji waliorudi mikono mitupu, wazee wasio na mtu. Tangu atutoke mwezi wa tatu, geti limefungwa. Jana Hemal mwanawe, mwenye duka la nafaka, katuachia ufunguo: kama hadi leo saa kumi hakuna wa kuendeleza jiko, ua anampangisha mtu wa saruji. Sasa ni saa tisa, na ufunguo bado uko mezani kwa Akida, muuza kahawa. Mimi Chiku, Mama Shamimu, nauza kashata hapo hapo. Nimewasikiliza hawa wanaume tangu adhuhuri mpaka kichwa kinagonga.

— Ule wali wa choroko, jamani! — akasema Nasibu, fundi baiskeli tunayemwita Profesa. — Sijala tena kitu kama kile. Siri ilikuwa samli.

— Samli wapi! — akadakia Ayubu. Huyo tunamwita Karasha, kachimba dhahabu Rwamgasa miaka kumi na moja, akarudi na kikohozi. — Siri ni lile sufuria. Limechanganywa na dhahabu.

— Dhahabu? Na wewe ulilisugua miaka miwili usiikwangue?

— Nilikuwa najitolea, bwana. Siibi nikijitolea.

Tukacheka. Akida akamimina kahawa, akatikisa kichwa.

— Hamjui kitu. Yule mama alikuwa anaongea na choroko. Kwa Kigujarati! Nimemsikia kwa masikio haya. Choroko ikiongeleshwa, inaiva yenyewe.

— Basi wa kuiongelesha hayupo, — Profesa akahitimisha. — Jiko limekwenda na mwenyewe.

Hapo nikachoka.

— Jiko mnaliua ninyi kwa midomo. Ufunguo huo hapo. Nani anachukua?

— Mimi nilikuwa wa kuni na kusugua tu, — akasema Karasha.

— Mimi wa kuosha sahani, — Profesa akajitetea. — Si wewe Mama Shamimu uliyekuwa wa mwiko?

Kweli nilikuwa wa mwiko. Lakini kupikia watu mia bila yeye kusimama pembeni na sari yake ya kijani, anaonja, ananikaripia? Naogopa. Namkumbuka yule mama mpaka nikipita getini nageuza uso.

Ndipo akaja mwanamke mmoja na bakuli la plastiki mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Naitwa Esta, natoka Kagongwa. Namuuguza mama yangu wodini. Wameniambia Alhamisi kuna chakula kwenye geti la bluu.

— Geti ndilo hili, — Profesa akasema.

Esta akatazama kufuli, akatutazama sisi.

— Ninyi ndio wapishi, au na ninyi mnasubiri kula?

Karasha akaangalia viatu vyake.

Mama Hemal alikuwa na sharti moja: hushiki kuni wala mwiko kwake mpaka kwanza ukae mkekani, ule na wenye njaa. Karasha alikuja kula, akabaki kwenye kuni. Profesa hivyo hivyo, mwaka baiskeli zilipokosa wateja. Na mimi, Baba Shamimu aliponiacha, nilikuja na bakuli kama hilo la Esta. Nikala Alhamisi sita. Ya saba akanipa mwiko.

Akida akainamisha birika. Kahawa imekwisha.

Nikachukua ufunguo.

— Karasha, kuni! Profesa, kimbia dukani kwa Hemal. Mwambie atupe choroko na mchele, na saruji waipeleke kwingine.

— Sasa hivi?

— Kwani mama wa watu ale kesho?

Kufuli likagoma kidogo, kisha likafunguka. Sufuria lilikuwa pale pale, limefunikwa. Machozi yakanitoka, na sikuyaficha.

— Wabeja, dada, — akashukuru Esta, akikunja mikono ya blauzi. — Nipe kazi basi, nichambue choroko.

— Hapana, — nikamwambia, nikamtandikia mkeka. — Leo unakula. Kazi Alhamisi ijayo.