Mama Maombi na Misangu ya Shamba la Kuazima

Baada ya miaka kumi na tisa kwenye kitalu chetu cha miti hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, Mama Maombi Wilondja anastaafu tarehe 31 Julai 2025. Kumi na tisa! Baadhi yetu tulimkuta hapa tukiwa hatujui hata kujaza udongo kwenye kifuko cha mche, na leo tunajiita mafundi.

Alitoka Fizi, Kongo, akijua kulima tu. Alianza kwa kumwagilia. Miaka minne baadaye akawa mkuu wa kitalu. Amepeleka miche mpaka Mitundu na Kawale, mara nyingine akiwa amepanda nyuma ya kabaza, baiskeli ya kukodi, ameipakata kama mtoto, huku mwenye baiskeli akilalamika kwamba hajui amebeba abiria au msitu. Glirisidia ya mbolea na kuni, mlonge wa mboga na dawa: kwake mti wenye kazi moja ni mvivu.

Kisa tunachokipenda zaidi hukisimulia mwenyewe. Bambo Chisale, yaani Bwana Chisale, mkulima mwenyeji, aliwaazima kina mama wa kambi shamba lake lililochoka. Udongo usipopona, angelichukua tena. Mama Maombi akapanda misangu arobaini, miti ya kurutubisha udongo, kati ya mahindi. Mwaka wa nne, mvua za Desemba zilipoanza, kila kitu kikawa kijani isipokuwa misangu, iliyopukutisha majani yote kwa mara ya kwanza. Kwao Fizi hakuwahi kuona mti unaovua nguo mvua inaponyesha! Akaamini imekufa, akachukua panga. Kufikia saa nne asubuhi alikuwa amekata kumi na mmoja, kuni tayari.

Bambo Chisale alikuja mbio, mikono kichwani. Ndipo Mama akajua kwamba msangu hupumzika wakati wa mvua, mahindi yapate jua, na majani yake yawe mbolea. Alilia sana. Kesho yake alisimama mbele ya kina mama wote, akasema, "Bamama, mi njo niliua miti yetu. Tupande tena." Wakapanda thelathini, na glirisidia katikati.

Haikuwa rahisi. Bambo Chisale alikuwa akiongeza muda wa kuazima mwaka mmoja mmoja, na kila baada ya mavuno kina mama walikosa usingizi wakingoja jibu lake. Lakini mvumilivu hula mbivu: magunia matatu ya mwanzo yamekuwa kumi na manne, na wenyeji wenyewe sasa wanapanga foleni kwetu kuomba miche.

Ijumaa iliyopita, kwenye sherehe ya kumuaga, Bambo Chisale alifika na chifu wake. Akatangaza mbele yetu sote kwamba halidai tena shamba: maadamu misangu imesimama, kina mama walime, wao na watoto wao. Vigelegele vilivyopigwa nadhani vilisikika Lilongwe! Mama Maombi alisema zikomo, yaani asante, mara tatu.

Mama, asante kwa kila mche, na kwa ukali wako pia. Tunakuombea afya, mapumziko na kicheko tele. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, tumevuna na hakuna anayengoja jibu.