Kichupa cha Mtoto Mmoja

Miaka thelathini na minne ya kuchanja watoto wa Mbulu na Hanang inafikia mwisho tarehe 30 Juni 2025, siku ambayo Muuguzi Mectilda Shirima atatukabidhi funguo za friji ya chanjo. Tumeshamwonya kwamba, kabla hajarudi kwao Rombo, asije kukagua kipimajoto Jumapili akitoka kanisani. Hatumwamini.

Alitoka Rombo mwaka 1991, binti mwembamba asiyejua neno la Kiiraqw, lugha ya wenyeji wa huku. Kina mama walikuja kliniki wakisita, maana mtoto alikwenda mzima akarudi na homa. Mectilda alifoka. Enzi zile wote tulifoka: kadi ikichafuka, kelele, mama akichelewa, kelele.

Mwaka 1998 mama mmoja, Fransiska, alitembea kutoka upande wa Gehandu na mwanawe Zita, wa miezi tisa. Siku hiyo hakuja mama mwingine. Kichupa cha chanjo ya surua kilitosha watoto kumi, na kikishafunguliwa kisipoisha siku hiyohiyo hutupwa. Mectilda alihofia hasara, akamwambia arudi Alhamisi wenzake wakiwepo. Hata mimi ningemwambia hivyo. Surua ilitangulia kufika. Zita alipona, lakini jicho la kushoto halikuona tena.

Mectilda alikwenda kwao kuomba radhi. Fransiska alimpa kiti na maziwa, kisha akasema, "Mnasema sisi wazazi tunakataa sindano. Mimi nilikuja, sista."

Tangu hapo Mectilda alifungua kichupa hata kwa mtoto mmoja, na barua za wakubwa za kuuliza sababu alizijibu kwa mwandiko mzuri kuliko wao. Alipakata kasha la baridi la chanjo kwenye pikipiki hadi Gendabi na Masakta. Siku walipoteleza kwenye tope, kasha lilitoka salama. Dereva tulimfunga bandeji. Sisi alitufundisha kumsalimia mama kabla ya kumwomba kadi.

Wiki iliyopita, kliniki yake ya mwisho, watu walikuwa kwenye mavuno. Alikuja mama mmoja tu na mtoto wa miezi tisa. Mama huyo alikuwa Zita. Alisema Fransiska amemwambia aende tu hata akiwa peke yake, Mectilda atafungua. Mectilda alifungua, nami nilimshika mtoto huku nikilia bila aibu.

Asante, dada Mectilda. Tunakuombea siku nyingi zenye afya huko Rombo, na usingizi mpaka jua litoke. Friji tutaitunza. Akija mmoja, tutafungua.

Judica, muuguzi mwenzako