Kitambaa cha Kivuko Chetu

Benchi la kijiwe hiki lina miguu mitatu na tofali, na maneno ya wakaaji wake nayo ni hivyo hivyo: matatu ya kweli, moja la kuegeshea. Limeegemea ukuta wa duka la vipuri lililofungwa zamani, penye njia ya kushukia mtoni, na mbele yake hukaa muuza kahawa na jiko lake la mkaa. Wote wanamwita Shemeji. Hakuoa kwa hata mmoja wao. Ni kwamba dada yake, fundi cherehani, ni mjane mwenye sura na ulimi, basi kila mwanamume wa benchi amejitwalia ushemeji bila kupeleka posa.

Mchana huo Shemeji hakuwa na raha. Saa nane, tume ya mto yenye wajumbe wa nchi zote tatu mto unamopita ingekaa kwenye ukumbi wa mji. Ingeamua kama kiwanda cha rangi kizibe bomba lake la maji machafu, na kama kiache kulisha tanuri lake kwa miti ya msitu wa chanzo cha mto, wakati jua lipo bure juu ya paa. Aliyewafikisha wakubwa hapo ni dada yake. Alizunguka kivuko hadi kivuko, akavuka na mipaka, akishonea watu mapindo na zipu bila malipo kwa sharti moja: siku moja, wote pamoja, wazamishe kitambaa cheupe mtoni toka asubuhi hadi jioni, kisha wakitunze bila kukifua. Vitambaa vya vivuko vilivyo juu ya kiwanda vilitoka vyeupe. Vya chini yake vilitoka na rangi ambazo hata arusini hazivaliwi.

Ukumbini, kila kitambaa kilipaswa kushikwa na watu wa kivuko chake. Kivuko kisicho na mtu kinahesabiwa hakina malalamiko. Dada angesema kwa niaba ya wote, hivyo asingeweza kushika. Asubuhi alimwachia Shemeji kitambaa cha hapa, akamwambia, "Kaka, cha kwetu hiki. Waambie wenzako." Naye aliwaambia. Kitambaa kilikuwa chini ya sinia la vikombe, kimekunjwa.

— Mwanamke yule ni jeshi, alisema Kipara, kinyozi asiye na unywele hata mmoja wa kumtangazia biashara. Taulo zangu ziligeuka samawati, nikadhani ni sabuni. Yeye akainusa moja tu, akasema, "Kiwanda." Basi!

— Aisifuye mvua imemnyea, alisema Profesa, fundi redio ambaye redio haziponi kwake, ila methali hazimwishii.

— Wewe imekunyea wapi? aliuliza Mstaafu, mzee aliyefanya kazi reli maisha yake yote.

— Ni methali, mzee wangu. Methali hainyeshi.

— Jamani, saa nane hiyo inakuja, alisema Shemeji.

— Tuko naye bega kwa bega! alijibu Kipara. Hebu niongezee kikombe.

Shemeji akamimina. Alimfikiria dada yake njiani, na vidole vyake vilivyobaki na rangi ya maji yale hata baada ya kusuguliwa kwa limau.

— Lakini niambieni, alisema Kipara. Fundi cherehani amewatoaje wakubwa wa nchi tatu maofisini? Lazima ana mjomba huko juu.

— Mjomba gani! Profesa aliweka kikombe chini. Ni setilaiti. Vitambaa vyeupe mto mzima, siku moja. Huko angani wakaona, wakadhani mto umesalimu amri. Simu zikalia nchi zote. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

— Nani kainama sasa? aliuliza Kipara.

— Setilaiti.

— Mnapotea, alisema Mstaafu kwa upole wa mtu mwenye siri. Ni samaki. Samaki wana stesheni kama treni. Wamekuta rangi nyekundu, wakajua ni ishara ya kusimama. Wamesimama huko kwa majirani, wamejaa, hawashuki. Majirani wameogopa. Ndiyo maana wamekuja.

— Basi akishinda, alisema Kipara, mto upewe jina lake! Mimi mwenyewe nitanyoa wajumbe wote bure.

— Utamnyoa nani nawe upo hapa? Shemeji aliuliza. Wanakutana ukumbini.

— Simba mwenda pole ndiye mla nyama, Shemeji, alisema Profesa. Tunakwenda. Kwani nani kasema hatuendi?

Hapo mama mmoja akashuka barabarani, viatu vimejaa vumbi, begi begani.

— Hamjambo kaka zangu?

— Hatujambo, mama. Karibu, kaa.

— Asanteni, sikai. Natafuta ukumbi. Natoka kivuko cha juu kabisa, kule chanzo, ng'ambo ya mpaka. Fundi wenu alinitilia zipu hii.

Akafungua begi, akawaonyesha kitambaa chake, cheupe pepe. Wanaume wakakisogelea wakikikodolea macho, kwa maana hakuna aliyejua kwamba mto wao huanza hivyo.

— Maji yangu mimi hayana shida, alisema. Ila nimesema nisimwache peke yake. Na cha hapa kwenu kinashikwa na nani?

Kipara akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Mstaafu. Mstaafu akatazama njia, kana kwamba treni imechelewa. Kila mmoja siku zote alijua kwa hakika kwamba wenzake wanakwenda. Shemeji naye akatazama jiko lake. Tangu asubuhi alikuwa amejiambia kwamba mwenye mkaa unaowaka haondoki.

Kutoka ukumbini kengele ya kikao ikasikika.

— Kahawa imeisha, alisema Shemeji.

— Imeisha vipi, bwana? Birika hilo halijafika hata nusu!

— Nimesema imeisha.

Akalinyanyua birika kwa mikono miwili, maana lilikuwa zito, akalimwaga lote juu ya mkaa. Moshi ukapanda, harufu nzuri ya kahawa ikasambaa na kupotea. Kisha akatoa kitambaa chini ya sinia, akakikung'uta kikafunguka: kilikuwa kirefu, chenye buluu na wekundu na kitu kama kutu, na mtu mmoja asingetosha kukishika.

Profesa akaitazama kahawa ikichuruzika kutoka jikoni na kuzama vumbini. Akafungua kinywa kutafuta methali, akaikosa. Akainuka, akashika ncha ya pili.