Begi Lililokwenda na Kurudi

Benchi lilikuwa katikati ya kibanda cha kinyozi na karakana ya fundi mabegi, mguu mmoja umewekewa tofali, kwa hiyo ukicheka sana wenzako wanakwenda chini. Asubuhi ile hakuna aliyecheka. Wembe, yule kinyozi, alikuwa ametoka posta na kifurushi kwapani, macho yamemtoka kama mtu aliyenyolewa bila maji. Kwa miezi alikuwa akiwatambia wenzake kwamba amemwagizia mkewe begi la ngozi kutoka ng'ambo, kwa simu tu, kwa bei ya kutupa. Begi limefika kweli. Ila pesa za kiti kipya cha kibandani zimebaki kwenye dirisha la forodha, na kile kiti cha zamani wateja wanakikalia huku wakiomba dua.

— Wamekutoza kiasi gani? aliuliza Moto, muuza kahawa, akimmiminia.

— Usiniulize, ndugu yangu. Karibu sawa na bei ya begi! Nimenunua moja, nimelipia mawili.

— Acha masihara!

— Masihara na nani? Kwanza ushuru wa forodha. Na hawaangalii bei ya begi peke yake, wanajumlisha na nauli yake. Nikasema haya, yaishe. Kumbe bado. Kuna kodi ya ongezeko la thamani. Hiyo wanaipiga juu ya begi, juu ya nauli, na juu ya ule ushuru niliotozwa!

Vikombe vikashushwa.

— Kodi juu ya ushuru? Moto alishika kichwa. Ushuru nao umekuwa bidhaa?

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Redio. Huyu alikuwa dalali wa vyumba, na hakuna jambo duniani asilolijua. — Tatizo lenu hamuulizi. Kitu kikitoka nje kinalipia hewa ya kila nchi kilikopita.

— Limekuja na meli, Redio.

— Basi maji. Maji ndiyo ghali zaidi, yana kina.

— Na hela ya kulala ghalani je? Wamenitoza hiyo pia!

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Begi limekaa, likapewa jembe.

— Jembe nimelishika mimi!

— Tulia, bado hujajua. Kule wana mashine inayonusa kifurushi. Ikinusa kwamba umeagiza kwa biashara, wanakutoza kidogo. Ikinusa mapenzi, umekwisha. Wanajua hutaliacha.

Hilo lilimchoma Wembe. Kweli asingeliacha. Mkewe alikuwa na begi limekatika mkanda, limefungwa kamba ya viatu, na lina tundu, funguo zinadondoka kila siku. Mwenyewe alishamwambia: "Baba, si uniagizie tu kwa Fundi hapo jirani?" Naye akajibu kwa sauti kubwa, wateja wakisikia: "Mke wangu abebe cha mtaani?" Maneno hayo aliyaonea fahari siku ile.

— Hebu mpe Fundi naye aone, alisema Redio. Kiraka, shika ujifunze wenzako wanavyoshona.

Kiraka, fundi mabegi, alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana yake. Akafuta mikono kwenye aproni, akalipokea begi kwa heshima.

— Aisee. Ona mshono ulivyonyooka. Huyu mtu ana mkono.

— Si nilikwambia! Wembe alipata nguvu kidogo.

Kiraka akalifungua, akavuta bitana nje. Akaikodolea macho. Akaileta karibu na uso, akainusa.

— Hili ni pazia, alisema.

— Pazia gani?

— La sebuleni kwangu. Bitana iliniishia nikiwa na oda ya yule mfanyabiashara anayepeleka mizigo nje. Nikakata pazia. Mke wangu alininunia wiki nzima, nyie wenyewe mlikuja kutusuluhisha!

Moto akajiinamia. Lile pazia la maua ya zambarau kila mtu alilijua.

— Sasa hii lebo ya ng'ambo? Wembe aliuliza.

— Wameishonea juu. Begi ni langu. Tena nilimuuzia kwa bei ya kahawa mnayokunywa hapa wiki moja.

— Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, alisema Redio. Na hili limetembea dunia nzima.

— Redio, unaniambia nashona vibaya?

Kabla hawajashikana, mke wa Wembe akatokea kutoka sokoni, begi lake bovu kalikumbatia.

— Shikamooni wazee. Baba, naomba funguo zako, zangu zimedondoka tena.

Wembe hakuwa na pa kulificha. Akamkabidhi begi jipya. Mwanamke aliling'ang'ania kifuani, machozi yakamlengalenga. Kisha akaingiza mkono ndani, akagusa kimfuko pembeni.

— He! Kimfuko cha funguo! Fundi, si ndicho nilichokuelekeza siku ile nilipokuja kuuliza bei?

— Ndicho, shemeji. Nilikipenda, nikawa nakitia kwenye mabegi yote.

Mwanamke akamgeukia mumewe, uso wote unacheka.

— Kumbe ulikwenda kwa Fundi! Na mimi nikadhani umenidharau. Sasa mbona mmekaa kama mko msibani? Fundi amekuuzia kiasi gani?

Redio alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakikutoka kitu. Kiraka aliinama akatafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka. Moto akainamisha birika juu ya kikombe cha Wembe, na halikutoa hata tone. Wembe akaendelea kukishika kikombe vilevile, apate pa kutazama.