Setelaiti Iliyozimwa kwa Neno la Shaima

Wasikilizaji wapendwa, leo kiti hakikaliki. Jana alasiri tulimzika Shaima Murtadha, binti wa Tabora, miaka arobaini na mmoja. Maradhi ya figo. Kazi yake ilikuwa kukadiria lini mionzi itahatarisha setelaiti. Narudia: lini mionzi itahatarisha setelaiti.

Mama yake, Bi Saleha, anasema, "Chai yake ilipoa siku zote. Anainuka, anachungulia kompyuta, anarudi, anainuka tena."

Alikuwa akichungulia upepo wa jua, ule unaovuma angani kutoka juani. Ukienda kasi, siku mbili baadaye chembe zenye nguvu, ndiyo hiyo mionzi, hujaa huko juu. Hupenya setelaiti, hujikusanya kwenye nyaya, cheche ikipiga, imekufa. Shaima alipekua rekodi za miaka ishirini: upepo kama huu ukija mara kumi, chembe hujaa mara ngapi? Saba? Basi asilimia sabini, zimeni mitambo.

Mwaka jana, setelaiti ndogo inayowapa wakulima habari za mvua ilizimwa siku tatu kwa neno lake. Chembe hazikuja. Mvua ikaja. Masolwa, mkulima wa pamba Igunga, alikuwa ametoka kupulizia dawa, yote ikaoshwa. Akampigia Shaima: "Dada, jua lako limeninyeshea." Nami, mdomo wangu mnaujua, nikamtania hapa hewani wiki nzima. Mji ukacheka.

Shaima akanifuata studio. "Kaka, nikisema saba kwa kumi, zile tatu nazo nimezisema. Wewe umesikia saba tu."

Nikacheka tena. Bi Saleha ananiambia tangu siku ile kila onyo aliliandika, akalifuta, akaliandika upya. Alituogopa sisi kuliko jua.

Jumanne, akiwa wodini, upepo ukapanda. Asilimia sabini.

"Mama, nitume? Wakinicheka?"

"Wacheke. Kwani ukinyamaza utatulia?"

Akatuma. Jumatano alfajiri akafariki.

Wapendwa, setelaiti imezimwa hadi kesho. Hadi naingia studio, chembe hazijaja. Nimempigia Masolwa: "Unapulizia?"

"Nasubiri."

"Na zisipokuja?"

"Basi ni moja ya zile tatu. Wewe safari hii nyamaza."

Bi Saleha, na ukoo mzima, poleni sana. Mola amrehemu. Nasi tujiulize, nani mwingine tumemfanya aogope kusema? Kesho ikipita kimya, asicheke mtu. Naanza na mimi.