Mringaringa wa Mdogo Wangu

Mchungaji, wazee wetu, mama zetu: shikamooni. Vijana na watoto, marahaba, hata ninyi ambao hamjaniamkia.

Mzee wa kanisa aliyeniita hapa mbele alinipa dakika kumi. Nikamwambia habari yangu ina mbao ndani yake, na mbao hazipendi kuharakishwa, akaniongezea tano. Nimekuja kusema aliyonitendea Mungu katika karakana yangu, na kabla ya hayo niseme niliyoyatenda mimi, ambayo hayakuwa mazuri. Sitataja jina la mtu. Wahusika wengine wamo humu ndani, na mmoja ameshaanza kuinamisha kichwa. Inua kichwa, ndugu yangu. Leo mwenye kosa ni mimi.

Mimi ni mtoto wa kati. Hapa Masama maana yake inajulikana, ila kwa wageni waliotoka mbali niseme kidogo. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hutafutiwa kihamba chake, na wa mwisho hubaki na kihamba cha baba, yaani nyumba, migomba, kahawa na makaburi. Wa kati hupewa baraka na nauli. Nilipewa vyote viwili nikashuka.

Na sikushuka kwenda kulala. Nilisoma nikapata stashahada ya useremala na utengenezaji wa samani, nikiwa wa kwanza darasani. Mnacheka, lakini cheti kipo, kimetundikwa ukutani, njooni mkisome. Dar es Salaam nilifanya kazi kiwandani miaka kumi na minne. Nilianza kwa kupiga msasa viti vya watu wengine, nikamaliza nikiwa msimamizi wa karakana nzima, na hakuna mjomba aliyenipigia simu ya kunitafutia nafasi. Kuna hoteli pale mjini ambazo ukiketi, ujue umeketi juu ya kazi ya mikono hii.

Kisha wenye kiwanda wakaona ni rahisi zaidi kuleta samani zilizokwisha kutengenezwa ng'ambo. Niliitwa ofisini asubuhi, na saa nne nilikuwa nje ya geti na sanduku langu la vifaa.

Nikapanda nyumbani Krismasi kama kila mwaka. Nilichinja mbuzi, nikacheka na kila mtu, sikumwambia yeyote. Januari magari yakaanza kushuka. Leo anaondoka huyu na mkungu wa ndizi kwenye buti, kesho yule. Mimi nikabaki. Ndugu zangu, nawaambia, kwa Mchagga aliyebaki nyumbani hakuna mwezi mrefu kama Januari. Kila niliyekutana naye njiani alikuwa na swali moja: unarudi lini? Nikasema nipo likizo. Februari wakauliza tena, nikasema siku hizi nafanya kazi kwa kompyuta, hata nikiwa nyumbani. Kompyuta yenyewe sikuwa nayo. Mama yangu, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, aliniangalia tu akaendelea kumenya ndizi.

Mwezi wa tatu nikachoka kudanganya. Nyuma ya nyumba kuna banda alilotumia marehemu baba kumenyea kahawa. Mashine yake ya mkono ilikuwa imeshika kutu, na kuku walikuwa wamejipangia humo. Nikamwomba mdogo wangu, huyu wa mwisho mwenye kihamba, anipe lile banda niweke karakana. Alikubali hapohapo. Akahamisha kuku yeye mwenyewe.

Wapendwa, natamani mngeniona wiki ile. Nilipiga sakafu, nikatoboa dirisha upande wa mashariki ili mwanga wa asubuhi uangukie mezani, maana randa inataka mwanga wa pembeni ndipo uone pale ubao ulipobenuka. Nikatengeneza meza ya kazi yenye miguu minene kama ya tembo, nikafunga pembeni jiriwa ya kubana mbao. Ukutani nikapanga misumeno, patasi kuanzia nyembamba hadi pana, nyundo, kekee ya kutobolea na randa tatu, kila kimoja na msumari wake, na nyuma yake nimechora umbo lake kwa penseli, ili kikikosekana nijue kabla sijakitafuta. Nilikuwa naingia mle asubuhi nasimama tu, natazama, natabasamu peke yangu.

Nikaongeza na mashine kubwa ya kuranda, ya mtumba, iliyopandishwa na trekta kwenye tope la masika huku nusu ya kijiji ikiisukuma. Baadhi yenu mlisukuma, nawaona. Tulipoiunganisha haikunguruma hata kidogo. Ilitaka umeme wa viwandani, na huku kwetu tuna umeme wa kuwasha taa na redio. Mtu wa stashahada, wa kwanza darasani, hakusoma kibao kilichobandikwa ubavuni mwa mashine. Wakati ule sikucheka.

Lakini hilo halikuwa anguko langu. Anguko langu lilikuwa mti.

Ndani ya kihamba, juu ya mibuni ya zamani, ulisimama mringaringa alioupanda baba. Seremala akiuona mti ule hawezi kusali vizuri. Ubao wake una rangi ya asali, haumalizi makali ya msumeno, na ukishakauka hautikisiki. Mama mmoja wa kule sokoni Kwa Sadala alikuwa ameniagiza kabati, na mimi nilitaka kazi yangu ya kwanza iwafunge watu midomo. Mdogo wangu, ambaye pia ni mwongoza wageni, alikuwa amepanda mlimani nao kwa siku saba. Sikumsubiri. Nilikwenda ofisi ya kijiji kuomba kibali cha kukata mti, na kwenye fomu, mahali palipoandikwa mmiliki, nikaandika jina langu. Niliandika kwa mwandiko mzuri sana. Nilijiambia ni mti wa kwetu, na anayejua thamani yake ni mimi. Wapasuaji wakaja na msumeno wa mashine, na baada ya siku mbili mbao zilikuwa zimelala ovyo kati ya mibuni.

Mdogo wangu alishuka mlimani, akaingia kihambani na begi mgongoni, akaona anga mahali palipokuwa na kivuli. Hakupiga kelele. Aliuliza nani ametoa kibali, akaenda kijijini, akarudi na nakala ya ile fomu. Akanisomea jina langu mbele ya mama. Kisha akaenda kwenye banda, akafunga kufuli jipya, akaweka ufunguo mfukoni. Vifaa vyangu vyote vilikuwa ndani.

Na mimi, badala ya kuomba radhi, nikamkumbusha nani alimsaidia kusoma. Nikasema nitampeleka baraza la kata. Nikashuka kwa shangazi yetu Kiboriloni, pale Moshi, na kule kila jioni nilimweleza jinsi nilivyoonewa. Shangazi alisikiliza wiki ya kwanza. Wiki ya pili akaanza kuongeza sauti ya redio.

Nilikuwa nimepoteza kazi mjini, na sasa nimepoteza karakana ambayo haijatengeneza hata kigoda. Nikiondoka Moshi naenda wapi? Nikipanda nyumbani napita kwenye mlango gani?

Wiki ya tatu mama akashuka Kiboriloni. Nilidhani amekuja kunipa pole. Alikataa hata chai.

"Umesoma mpaka ukamaliza," akaniambia. "Isale hukusomea?"

Kwa wageni wetu: isale ni lile jani refu linaloota mipakani mwa vihamba. Ukimkosea mtu, unalifunga fundo unampelekea, na ukilibeba umekwisha kukiri. Nikamwambia mama kwamba isale hupelekwa kwa wakubwa, sio kwa mtu niliyekuwa nikimfunga kamba za viatu. Akasema isale hupelekwa kwa aliyekosewa, akabeba kikapu chake akaondoka.

Nilipanda kesho yake asubuhi. Nilichuma jani mpakani, nikafunga fundo, nikafungua, nikafunga tena. Mikono inayounganisha mbao bila msumari ilishindwa na jani. Nilimkuta mdogo wangu kando ya mfereji anakata majani ya ng'ombe. Aliniona, akaendelea kukata mpaka mzigo ukatosha. Ndipo akanyooka.

"Kaka, umeleta nini?"

"Unaona."

"Naona jani. Nataka kusikia."

Njiani nilikuwa nimeandaa maneno mengi yenye sababu ndani yake. Yote yalinitoka. Nikamwambia, "Nilikata mti wako bila kukuuliza. Na niliandika jina langu mahali pa jina lako. Uliandikwa uongo, na niliuandika mimi."

Alifuta panga kwenye nyasi, polepole, upande huu na upande huu.

"Mti ni mti, kaka, unapandwa mwingine. Lile jina ndilo lililoniumiza. Mke wangu aliniuliza kama watoto wetu watakaa hapa."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipovunjika. Mimi nilikuwa nimefikiria kabati. Yeye kwa wiki tatu alikuwa anafikiria kama kaka yake amerudi kumnyang'anya nyumba. Nilipiga magoti pale kwenye tope la mfereji, na suruali ilikuwa mpya. Alinishika bega akaninyanyua, akachukua lile jani akalitia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Akasema twende bandani.

Alipofungua kufuli niliangalia vifaa vyangu kwanza, nakiri. Vilikuwa kila kimoja kwenye msumari wake. Kisha nikaona mbao. Mbao zote za mringaringa, ambazo niliziacha zinanyeshewa kati ya mibuni, zilikuwa zimepangwa ndani, zimeinuliwa juu ya mawe, na kati ya ubao na ubao vimewekwa vijiti ili hewa ipite. Ncha zake zilikuwa zimepakwa rangi zisipasuke. Mambo haya mimi niliyafanyia mtihani nikapata alama za juu, na kwa ajili ya hasira niliondoka bila kuinua hata ubao mmoja.

"Nani amepanga?"

"Mimi. Baba alikuwa anapanga hivi."

"Na ulikuwa na hasira."

"Nilikuwa na hasira na wewe," akasema. "Sikuwa na hasira na mbao."

Akaniuliza zitakauka kwa muda gani. Nikamwambia kwa unene ule, na kwa baridi ya huku juu, mwaka mzima na zaidi. Akafikiri, akasema basi nitakaa mwaka mzima na zaidi, na zikikauka nimtengenezee milango ya nyumba anayojenga. Sharti lake lilikuwa moja: kwanza twende kijijini tukaandike ile fomu upya. Tulikwenda siku ileile. Niliandika jina lake kwa mwandiko uleule mzuri.

Mnaelewa nilichopewa? Tangu Januari nilikuwa natafuta jibu la kuwapa watu njiani, na sasa nilikuwa nalo, la kweli. Unarudi lini? Nasubiri mbao zikauke. Na wakati nasubiri, nilifanya kazi. Ile mashine kubwa nilibadilishana na fundi mmoja wa Kiboriloni mwenye umeme wa kutosha, akanipa msumeno mdogo wa umeme, drili, na vibanio kumi na viwili vya kushikia mbao gundi ikikauka, na leo nawaambia wanaoanza, vibanio havitoshi kamwe, hata ukiwa na vingi. Kabati la mama wa Kwa Sadala nilitengeneza kwa mbao za mgrevilia zilizokwisha kukauka, akaleta dada zake wawili walione. Nimetengeneza vitanda, meza, na ile mimbari ndogo ya watoto wa Sunday School, ambayo mnaifahamu na ambayo, nasema bila aibu, hakuna usharika mlimani hapa wenye nyingine kama hiyo. Vijana wawili wenye vyeti vyao wananifanyia kazi. Na palipoanguka mringaringa, tumepanda mitatu, mimi na mdogo wangu, yeye akichimba na mimi nikimwelekeza, mpaka aliponipa jembe.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama, aliyekataa chai yangu. Namshukuru shangazi na redio yake. Nawashukuru mliosukuma mashine isiyowaka. Namshukuru shemeji yangu, ambaye siku ile niliporudi aliniwekea chakula mezani kabla hajajua kama mumewe amenisamehe. Na mdogo wangu, mbele ya watu hawa wote: asante.

Kwa wenzangu mnaofikiria kurudi nyumbani na ujuzi wenu, rudini, hapa kuna kazi na kuna mbao. Nunueni patasi nzuri, someni kibao cha mashine kabla hamjaita trekta. Lakini siku ya kwanza, kabla ya kupiga msumari, mwende kwa mwenye mahali mkamuulize. Hata kama mlimfundisha kutembea. Elimu yangu ilinifundisha kila kitu kuhusu mti isipokuwa ni wa nani.

Mbao zimekauka. Nilizipima unyevu wiki mbili zilizopita, nikaziunganisha kwa ndimi na matundu, bila msumari hata mmoja. Jumamosi asubuhi tunaipachika ile milango kwenye nyumba ya mdogo wangu, na ni mizito, tunahitaji watu sita wa kubeba. Mkishaibeba na bawaba zikishafungwa, mtoto wake mdogo kuliko wote, yule anayejifunza kusimama, ndiye atakayeufungua wa mbele. Nimekwisha kuujaribu kwenye bawaba zake karakanani. Atausukuma kwa kidole kimoja.